Nusu Kilo ya Oolong

Chai ya maziwa haipikwi ya mtu mmoja. Hilo nililijua baada ya mume wangu kufariki. Kwa miaka ishirini na tatu nilikuwa nikiinjika sufuria ile ile kila asubuhi, maziwa nusu, maji nusu, tangawizi ya kuponda, na sukari ya kwake nyingi kuliko yangu. Nilipobaki peke yangu nilijaribu kupunguza vipimo. Maziwa kidogo yaliungua chini ya sufuria. Siku nyingine mkono ulijisahau, nikapika ya watu wawili, jioni nikaimwaga ikiwa imefunga utando juu. Mwishowe niliacha chai kabisa, nikawa nakunywa maji ya moto kama mgonjwa.

Tulikuwa tunaishi Utemini, Singida mjini, katika nyumba tuliyoijenga polepole kwa mishahara miwili ya shule. Yeye alikuwa mwalimu wa jiografia, mimi mhudumu wa maabara katika sekondari hiyo hiyo. Binti yetu, ndiye mtoto pekee tuliyejaliwa, alikuwa ameshaolewa Dar es Salaam. Mwaka wa pili wa ujane wangu nikasikia kwamba Wachina waliokuwa wakijenga barabara upande wa Mkalama wanatafuta mtu wa kusaidia maabara ya udongo, mtu asiyechoka kupima na kuandika. Nikaacha kazi ya shule, nikaenda. Watu walidhani nafuata mshahara. Mimi nilikuwa naikimbia nyumba.

Kambi ilikuwa nje kidogo ya Nduguti, makontena yaliyopangwa mstari mmoja, mbele yake lundo la kokoto, nyuma yake mashamba ya alizeti. Mkuu wa maabara alikuwa mama wa Kichina aliyekaribia miaka sitini, mfupi, miwani yake ikining'inia kifuani kwa kamba. Wafanyakazi wote walimwita Madamu. Kiswahili chake kilikuwa maneno kama ishirini hivi, na yote ya kazini: maji, mawe, udongo, safi, chafu, bado, sasa. Kichina changu kilikuwa sifuri. Kazi yenyewe haikuhitaji maneno mengi. Tulichekecha udongo kwenye chekeche za waya, tukaupima, tukauweka kwenye oveni ukauke, tukaupima tena. Vipande vya zege tulivitumbukiza majini, na siku zake zikitimia tukavivunja kwenye mashine kuona vinahimili uzito gani.

Kila siku saa kumi alasiri Madamu alifuta meza kwa kitambaa, akatoa kibuli kidogo cha udongo mwekundu ambacho kingeenea kwenye kiganja changu, na kikombe kimoja. Siku ya nne ya kazi yangu vikombe vilikuwa viwili.

Majani yake yalikuwa yamesokotwa vidonge vidonge, vigumu, rangi ya kijani iliyoiva. Nilipoyaona mara ya kwanza nilifikiria mavi ya mbuzi, nikaona aibu kwa wazo lenyewe. Alimwaga maji ya moto juu yake, akainua kidole. "Bado," akasema. Tukasubiri. "Bado." Halafu, "Sasa." Akamimina. Rangi ilikuwa ya asali iliyopunguzwa na maji. Hakukuwa na sukari mezani na sikuthubutu kuiomba. Nilikunywa nikijiandaa kuvumilia uchungu, na uchungu ulikuja kweli, mdogo, halafu ukaondoka, na nyuma yake ukabaki utamu kwenye koo ambao sikujua umetoka wapi. Alikuwa ananitazama. Nilicheka. Yeye pia akacheka, akamimina maji mengine juu ya majani yale yale, na mengine tena, mara tano. Nilishangaa. Kwetu majani ya chai huchemshwa mpaka yatoe roho, kisha hutupwa. Haya kila yalipopata maji yalizidi kukunjuka, mpaka mwisho kibuli kikajaa majani mazima, na vikonyo vyake.

Nikauliza kwa ishara inaitwa nini. Akasema oolong. Madereva wa malori waliposikia jina hilo wakaligeuza papo hapo, wakasema hiyo ni chai ya uongo: haina maziwa, haina sukari, hata rangi haina. Mimi niliipenda kwa sababu ilikuwa chai ya kikombe kidogo. Mtu mmoja angeweza kuinywa bila kumwaga kitu, wala haikunikumbusha meza ya nyumbani kwangu.

Tulikunywa hivyo miaka miwili na miezi kadhaa. Sijui kama naweza kuuita urafiki, maana sikuwahi kujua kama ana mume. Nilijua ana mtoto wa kiume, kwa kuwa alinionyesha picha. Yeye alijua mume wangu amekufa, kwa kuwa nilimwonyesha picha, nikageuza kiganja kikatazama chini, naye akakishika kiganja hicho kwa muda, halafu akarudi kuvunja zege.

Barabara ilipokwisha, kambi ilifungwa ndani ya wiki mbili. Siku ya kuondoka alinipa pakiti mbili za chai na kile kikombe changu. Mimi nilimpa lita moja ya asali ya nyuki wakubwa, niliyoifunga kwenye mifuko mitatu isivuje. Aliniandikia namba yake kwenye kipande cha karatasi, nikakitia kwenye mfuko wa koti la kazi. Gari lilikuwa linangoja. Nilitaka kumwambia kitu, na nikagundua kwamba hata kwa Kiswahili sikuwa nacho, hata kwa Kinyiramba. Nikasema, "Safari njema." Akasema, "Safi."

Wiki ile ile nikarudi Utemini, nikafua nguo zote za kambini kwa pamoja, na koti lile ndani yake. Karatasi niliikuta imekuwa uji. Niliutandaza juani ukakauka, lakini hakukuwa na kitu cha kusoma.

Pakiti mbili nilizibania zikanifikisha karibu mwaka. Zilipoisha nikaanza kutafuta.

Nilidhani itakuwa rahisi. Singida mjini nilizunguka maduka yote makubwa, kisha ya kati, kisha vibanda vya sokoni. Chai ya kawaida ilikuwepo ya kila chapa, na chai ya kijani ya vifuko. Muuza dawa mmoja aliniletea boksi lenye maandishi ya Kichina, akaniapia kwamba ndiyo yenyewe. Nilipofika nyumbani na kuisoma upya nikaona ni ya kupunguza tumbo. Nilikunywa kikombe kimoja, nikashinda chooni. Muuza duka mwingine, mzee mwenye heshima zake, aliniuliza kwa nini mtu wa Singida, mkoa wenye ng'ombe wengi hivi, ahangaike na chai isiyotaka maziwa. Nikamuaga, nikaenda duka linalofuata.

Nikampigia binti yangu. Yeye ana watoto watatu na kazi ya benki inayomrudisha nyumbani amechoka; huwa tunaongea Jumapili, dakika chache, watoto wakigombania simu. Nilimweleza ninachotaka, akasema atapita Kariakoo kwenye maduka ya Wachina. Baada ya majuma mawili mzigo ukaja kwa basi: kopo la bati, dogo, lenye picha ya milima, na ndani yake vidonge vile vile vya kijani. Nilivinusa nikajua ndivyo. Bei aliyoilipa ilitosha debe la mahindi na chenji ikabaki.

Nikachemsha maji, nikasubiri kama nilivyofundishwa, nikamimina. Ilikuwa nzito, ya kijivu, na juu ilielea ngozi nyembamba kama ya mafuta. Ladha ilikuwa ya kutu. Nikaongeza majani, ikazidi. Jirani yangu, mama mmoja mcheshi anayefuga kuku kama mimi, alipita nikampa aionje. Akaitema kwa adabu pembeni ya ua, akasema inafanana na maji yaliyosuuziwa sufuria ya mlenda.

Hapo nikafanya jambo ambalo bado linanisumbua. Jumapili nilimwambia binti yangu kwamba amepigwa, wamemuuzia takataka, na kwamba siku nyingine awe anaonja kwanza kabla ya kutoa hela. Akasema, "Sawa, mama." Akasema mtoto analia, akakata. Jumapili iliyofuata hakupiga, na iliyofuata hakupiga pia. Mimi nami nikakaa na ukubwa wangu, nikisema mtoto ndiye anayempigia mzazi.

Katika kipindi hicho cha ukimya nikasikia kwa abiria stendi kwamba Manyoni kuna kambi kubwa ya wageni wanaojenga reli mpya. Nikajiambia penye wageni wa ujenzi hapakosi Wachina, na penye Wachina hapakosi chai. Nikapanda basi asubuhi nikiwa na lile kopo kwenye mkoba, nimwonyeshe mtu, aseme kama kweli ni feki. Nadhani nilitaka pia kumwona mama yeyote mwenye miwani ya kamba, ingawa hilo sikujiambia.

Mlinzi wa getini, mtu wa makamo, alinipa shikamoo na kunikalisha kwenye kivuli. Nilipomweleza kwamba nawatafuta Wachina alikuna kichwa. "Mama, hawa siyo Wachina," akasema. "Hawa ni Waturuki."

Nilibaki nimekaa na mkoba wangu magotini. Nilikuwa nimesafiri zaidi ya saa mbili kwa ajili ya watu wasiokuwepo. Yule mlinzi aliona uso wangu, akaingia ndani, akarudi na mpishi wa kambi, mwanaume mnene mwenye mvi, aproni ikiwa na unga. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha Madamu, kilichookotwa jikoni na sokoni. Aliniletea glasi ndogo yenye kiuno chembamba, chai nyekundu kama damu ya mzee, na vipande viwili vya sukari. Nikainywa kwa heshima. Kisha nikafungua kopo, nikamweleza shida yangu yote, kuanzia Nduguti hadi mlenda.

Akachukua kidonge kimoja akakitafuna. Akaingia jikoni na kiganja kizima cha vidonge hivyo, akatoka na buli na vikombe vitatu, kimoja cha mlinzi. Alipomimina niliiona rangi kabla ya kuonja. Ilikuwa ya asali. Nikaonja, uchungu ukaja ukaondoka, na ule utamu ukanikaa kooni. Ilibidi nitazame pembeni.

"Chai nzuri sana," akasema. "Nyumbani unatumia maji gani?"

Nikamwambia maji ya kisima.

"Basi. Kisima chumvi," akasema. "Sisi hapa tunachuja."

Mimi niliyekaa maabara maisha yangu yote. Mimi niliyepima maji ya zege kila juma kuona kama yana chumvi, nikayaandika kwenye daftari kwa mkono wangu. Kule kambini maji ya kunywa yalikuja kwenye madumu kutoka mbali, na pakiti mbili alizoniachia Madamu nilizinywa mwaka ule wa mvua nzuri, tanki la bati likiwa limejaa, kabla halijatoboka. Sikuwahi kuunganisha mambo hayo. Singida nzima inajua maji yetu ya ardhini yana magadi, hata maji ya maziwa yetu mawili ya mjini ni ya chumvi, na mimi nikamlaumu mwanangu.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa natunga maneno. Nilipofika nyumbani nikampigia kabla ya kuvua viatu. Nilimwambia chai yake ilikuwa nzuri, kosa lilikuwa la maji na la mdomo wangu, na anisamehe. Nikasikia televisheni ya kwake inaongea.

"Mama," akasema, "nilitoka kazini mapema siku ile kwa ajili ya hiyo chai. Niliomba ruhusa."

Nikasema tena anisamehe. Akasema yameisha, lakini sauti yake haikusema hivyo, na nilielewa kwamba hayaishi kwa simu moja. Kopo lile nililinywa kwa maji ya mvua niliyoyakinga kwenye ndoo, kidogo kidogo, nikijua sitamwomba lingine. Chai ya bei ile ilikuwa ya kunywa na mgeni, na mimi nilitaka ya kunywa Jumanne, ya kunywa baada ya kuwalisha kuku, ya kunywa bila kufikiri.

Mwezi mmoja baadaye alinitumia ujumbe bila salamu ndefu. Kulikuwa na namba ya simu na maneno machache: huyu mama yuko Mufindi, anasokota chai kwa mkono, mpigie. Niliusoma mara nyingi kuliko urefu wake. Alikuwa ameendelea kutafuta.

Nikapiga. Sauti iliyopokea ilikuwa ya mwanamke wa umri wangu au zaidi, na nyuma yake majogoo. Tukasalimiana, tukaulizana hali ya hewa ya kila mmoja. Alinieleza kwamba ana shamba dogo la chai, majani mengi anauza kiwandani kama wenzake, lakini alishawahi kufundishwa kuyaacha yanyauke nusu, kuyatikisa kwenye ungo, kuyasokota na kuyakausha, na sasa kila mchumo hubakiza kiasi cha kutengenezea oolong. Kisha akauliza, "Dada, unataka ya zawadi au ya kunywa?"

"Ya kunywa."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Basi nisikuuzie ile ya juu," akasema. Ile ya majani machanga matupu, alieleza, inakwenda kwenye hoteli na kwa watu wa maboksi mazuri. Lakini anapoichambua hubaki yenye vijiti na majani makubwa, ya mti ule ule na siku ile ile, nayo huiuza kwa theluthi ya bei kwa sababu haipendezi machoni. Yeye mwenyewe hunywa hiyo. Vijiti, alisema, ndivyo vyenye utamu.

Nikasema nipe hiyo. Akauliza, kwa sauti ile ile ya kupima, "Nyumbani mko wangapi?"

Watu huwa hawaniulizi hivyo. Utemini wote wanajua, na wasiojua huambiwa na wengine kabla hawajafika mlangoni. Tangu mume wangu afariki sikuwahi kulazimika kulitamka, na sasa nilikuwa nimeshika simu na mtu wa mbali anangoja jibu.

"Niko mwenyewe," nikasema.

Nilisubiri neno pole. Halikuja. Nilisikia akihesabu kwa kunong'ona. "Basi nusu kilo itakutosha miezi mitatu," akasema. "Usichukue zaidi, itachakaa."

Nilipokata simu nilikaa kwenye kigoda cha jikoni muda mrefu. Nilikuwa nimeumia na nilikuwa nimepumua, vyote viwili. Kwake upweke wangu ulikuwa kipimo kama kipimo kingine, jambo la kujua kiasi cha kufunga kwenye mfuko. Sikujua kama nilikuwa nahitaji hivyo mpaka niliposikia.

Mzigo ulifika siku ya nne, kwenye mfuko wa khaki ulioshonwa kwa uzi, na wakala wa basi alidhani ni mboga kavu. Vidonge vilikuwa vikubwa, vya kushikamana hovyo, vijiti vikitokeza kama miguu ya panzi. Haikuwa nzuri kama ya Madamu. Ya Madamu ilikuwa na harufu ya ua ambalo sijawahi kulijua jina. Hii ilinukia viazi vitamu vilivyochomwa, na utamu wake ulikuja mapema. Lakini niliinywa ile jioni, na kesho yake, na kesho kutwa, na siku ya tano nikajikuta nimeinywa yote nikiwa nawaza bei ya pumba za kuku. Hapo nikajua nimepata nilichokuwa nakitafuta.

Nikaweka mfereji mpya wa bati kwenye paa, unaopeleka maji kwenye tanki la plastiki lenye mfuniko. Mvua za Singida si za kutegemea, kwa hiyo maji ya tanki ni ya kunywa na ya chai tu, kufulia natumia kisima.

Binti yangu alikuja Desemba kwa siku tatu na mtoto wake mdogo. Alikunywa nami mara moja. Alisema inachelewa kuwa tamu. Hatukuzungumza kuhusu lile kopo. Alipoondoka nilimfungia kidogo kwenye gazeti, na sijamuuliza kama aliipika. Sasa tunapigiana Jumapili kama zamani, dakika zile zile chache.

Siku nyingi hakuna anayeingia uani kwangu isipokuwa jirani, naye hunywa ya kwake yenye maziwa kwanza ndipo aje. Saa kumi nafuta meza. Nakaa upande wa dirisha, kikombe kimoja, maji mara tano. Mara ya tatu ndiyo bora. Kuna siku naongea kwa sauti na nagundua baadaye kwamba ni sauti yangu.

Mwezi uliopita nilimpigia mama wa Mufindi kuagiza. Aliniambia hakuna. Baridi kali ilishuka usiku wa siku mbili mfululizo, vichipukizi vyote vikaungua vikawa vyeusi, na itabidi angoje. Nilimpa pole. Akanieleza jinsi shamba linavyoonekana asubuhi likiwa jeupe kwa umande ulioganda, nami nikamweleza kwamba huku kwetu hatuijui baridi ya kuunguza, tunaujua upepo, na kwamba mwaka huu ulizilaza alizeti kabla hazijakauka. Akauliza alizeti iliyolala inavunwaje. Nikamweleza. Akauliza kama mimi mwenyewe nalima. Nikasema nilikuwa nalima na mume wangu, sasa nafuga kuku. Akasema kuku wake wanaibwa na kicheche.

Tuliongea mpaka salio likakatika. Nikabaki na simu sikioni, na ndipo nikakumbuka kwamba sikumuuliza chai itapatikana lini. Kwenye mfuko wa khaki zilibaki konzi mbili za chai. Nikachukua nusu ya kiasi cha kila siku, nikainjika maji.